Sauti ya Kiswahili au Maandishi ya Chini? Nasaha kwa Wanafunzi na Wazazi



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wenzetu, kila inapofika likizo ya Desemba hapa Usangi tunaulizwa swali moja, na mwaka huu tumeona tulijibu kwa kalamu ili jibu limfikie kila mtu. Ndugu zetu wanapanda mlima kutoka Dar es Salaam, Moshi na Arusha, nyumba zinajaa, na watoto wa mjini wanakuja na simu na flashi zilizojaa katuni za Kijapani, zile ambazo vijana wanaziita anime. Ukungu ukishuka jioni hakuna tena wa kucheza nje. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: tutazame ile yenye sauti ya Kijapani na maandishi ya chini, au ile iliyotiwa sauti ya lugha nyingine tunayoielewa?

Mzazi anaweza kusema hayo ni mambo ya kitoto, wazime simu walale. Kama wanatazama hadi usiku wa manane, au wanatazama yasiyofaa, tunakubaliana naye moja kwa moja. Lakini swali lenyewe si dogo. Ndani yake kuna jambo ambalo sisi tunaosoma dini kwa lugha isiyokuwa ya mama zetu tunakutana nalo kila siku: nani anasimama kati yako na msemaji, na utajuaje kwamba amekufikishia alichosema?

Tuanze na nyumba yetu. Tunao watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, na anayoipenda ni katuni ya Naruto kwa Kijapani, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Anasema hiyo ndiyo yenyewe, nyingine zote ni za kughushi. Wa kati anataka ile yenye sauti za Kiingereza, kwa sababu anasema kusoma kunamkosesha kuona mapigano. Mdogo yuko darasa la pili, naye anataka ile ambayo DJ ameisimulia kwa Kiswahili. Na katika kona ya sebule yupo mama yetu mzazi, bibi yao, aliyevuka miaka sabini, mwenye Chasu na Kiswahili chake, ambaye kila baada ya dakika mbili huuliza, "Huyu mtoto mwenye nywele za njano anagomba nini?"

Watu wanne, kioo kimoja. Kila mmoja ana haki yake.

Tutazame kwanza maandishi ya chini. Fadhila yake kubwa ni kwamba hayamnyamazishi msemaji. Unasikia kilio chake, kicheko chake na pale anaposita, na wakati huohuo unapata maana. Fadhila ya pili hatukuifahamu vizuri mpaka tulipomtazama mwanafunzi wetu mmoja ambaye hasikii vizuri. Mahali ambapo wenzake wanacheka kwa maneno ya DJ, yeye hutazama nyuso zao ili ajue acheke lini. Ikiwekwa yenye maandishi, yeye ndiye wa kwanza kucheka. Kwake yeye hapa hakuna cha kuchagua. Bila maandishi, hadithi haipo.

Ila maandishi yana gharama yake. Kwa kawaida hayazidi mistari miwili, kila mstari una herufi kama 40, na hukaa kwenye kioo sekunde chache tu. Mtafsiri analazimika kupunguza maneno ili macho yawahi. Na Kiswahili chetu kina jambo lake, kwamba neno moja hubeba sentensi nzima. Andika "hawataturuhusu" umpe mtoto wa darasa la pili. Akiwa bado yuko kwenye "ha-wa-ta-tu", maneno yameshaondoka na mengine yamekuja. Huyo hatazami tena katuni, anafukuzana na herufi. Na bibi asiyesoma bila miwani naye ameachwa nje kabisa.

Sasa tuitazame sauti iliyotiwa. Fadhila yake ni kwamba inafungua mlango kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wanaosoma na wasiosoma. Wakubwa mtakumbuka mwaka 2011, pale TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake. Vinywa vilikuwa vya Wachina, Kiswahili kilikuwa chetu, na akina mama waliokuwa hawajui hata neno moja la Kichina waliifuatilia na kumhurumia yule mkwe. Tamthilia ile ilipata jina kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja. Ingekuwa na maandishi tu, wengi wa akina mama wale wasingekaa nayo hata jioni moja.

Gharama ya sauti ya kutiwa ni kwamba maneno lazima yalingane na mdomo. Mfano mzuri uko katika hiyohiyo Naruto. Ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 2002, na yule kijana ana tabia ya kumalizia maneno yake kwa "dattebayo". Neno hilo halina maana ya kutafsirika. Ni kikolezo cha usemi wake, kama mtu mwenye mazoea ya kutia "bwana" au "ati" kila mahali. Wamarekani walipoitia sauti ya Kiingereza, waliona mdomo unachezacheza na pale lazima pasemwe kitu, wakamfanya aseme maneno ya Kiingereza yenye maana ya "niamini!" Basi kijana ambaye kwa Kijapani alikuwa na kikolezo tu, kwa Kiingereza akawa mtu anayewahimiza watu wamwamini kila dakika. Baadaye wenyewe walikipunguza mpaka kikatoweka. Hakuna aliyekusudia kudanganya, mdomo ndio uliodai ujira wake.

Hapa tumwambie na mkubwa wetu jambo ambalo hakulitarajia. Ile sauti ya Naruto anayoiita "yenyewe" ni ya mwanamke, Junko Takeuchi, naye wa Kiingereza pia ni mwanamke, Maile Flanagan. Mtu wa kuchorwa hana koo. Sauti zote mbili ametiwa. Tofauti ni kwamba ile ya Kijapani ilichaguliwa na waliotengeneza hadithi wenyewe, na hiyo si tofauti ndogo, lakini haifiki kuwa moja ni kweli na nyingine ni uongo.

Ipo njia ya tatu, na hiyo ni ya kwetu Afrika Mashariki. Hata kabla ya simu hizi, vibanda vya video vya Dar es Salaam na miji mingine vilikuwa na watu wanaokaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu nzima kwa Kiswahili, mtu mmoja kwa sauti za wote. Jina la Lufufu lilivuma sana Tanzania katika miaka ya 2000, na Kenya wana DJ Afro. Uganda nao wana watu wa namna hiyo kwa Kiganda. Msomi wa Kijerumani Matthias Krings ameandika juu ya wasimulizi wetu, na mfano alioutanguliza ni wa kugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano wa haki. Mchele ni uleule, lakini viungo ni vya mpishi. DJ anakufafanulia, anakutania, anataja Kariakoo mahali ambapo filamu inataja New York, na mtu mbaya anapewa jina la mtaani. Mdogo wetu anapoitazama ile ya DJ hucheka mpaka machozi yamtoke, na bibi yake anacheka pamoja naye. Furaha hiyo ya nyumba nzima hatuidharau.

Lakini mlaji wa pilau asiseme kwamba ameonja wali mweupe. DJ akiongeza lake, wewe huwezi kulitenga, maana sauti ya msemaji imefunikwa. Ikiwa aliyesimulia ni mwenye adabu, umepata hadithi na kicheko. Ikiwa ni mwenye ulimi mchafu, amemtia mwanao matusi ambayo hayakuwemo katika filamu.

Hili linatuleta kwa wazazi. Wazazi kadhaa wametujia wakisema, "Ustadh, si heri ipatikane iliyosafishwa, itiwe sauti na maneno mabaya yatolewe?" Ombi hilo ni la haki, na limewahi kufanyiwa kazi. Katuni ya mpira ya Captain Tsubasa, iliyotokana na vitabu vya picha vya Yoichi Takahashi vilivyoanza mwaka 1981, ilitiwa sauti za Kiarabu na yule kijana akaitwa Majid. Watoto wengi wa nchi za Kiarabu wamekua wakimfahamu kama Kapteni Majid. Zaidi ya hayo, alisema Kiarabu fasaha, kile cha vitabuni, si cha mitaani. Mtoto alikuwa anatazama mpira huku masikio yake yanazoea irabu za mwisho ambazo sisi tunahangaika nazo hapa darasani katika nahau. Katika katuni nyingi zilizotiwa Kiarabu, mambo ya pombe na mapenzi nayo yalipunguzwa au kubadilishwa. Hiyo ni sauti ya kutiwa iliyoleta faida.

Lakini kusafisha nako kuna hatari yake, na mfano wake unatoka jirani. Mwaka 1953 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Mogambo, iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Ndani yake mke wa mtu anaingia katika mapenzi na mwanamume mwingine. Hispania tangu mwaka 1941 serikali ilikuwa imeagiza filamu za kigeni zitiwe sauti ya Kihispania, na wakaguzi wakatumia nafasi hiyo kuficha yasiyowapendeza. Ili kuuficha uzinzi, wakabadilisha maneno, yule mke na mumewe wakawa kaka na dada. Matokeo yake watazamaji wakamwona kaka na dada wanaoishi pamoja kama mume na mke. Waliotaka kuziba tundu wakabomoa ukuta. Na mtazamaji wa Kihispania hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu sauti ya kwanza ilikuwa imeondolewa.

Basi ushauri wetu kwa mzazi ni huu: kama hadithi yenyewe ni chafu, iache. Usitegemee sauti mpya iisafishe, kwani picha inabaki ileile na mtoto ana macho.

Mpaka hapa mtaona kwamba jambo lenyewe limekuwa la amana. Na amana ya mfasiri dini yetu imeifahamu zamani. Tunasoma katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi wa Madina, kwa kuwa hakuwa na uhakika na watakachomsomea au kumwandikia katika barua zake. Zayd alijifunza kwa muda usiofika nusu mwezi, na tangu hapo yeye ndiye aliyesoma na kuandika. Tazameni hapo: walikuwepo watu wa kusoma barua zile, lakini kilichotakiwa ni mtu wa kuaminika, mwenye kuweza kutazama maandishi yenyewe.

Hata msahafu wenye tafsiri tunaousoma majumbani umeshika njia hiyo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipotoa tafsiri yake kamili ya Kiswahili mwaka 1969, Kiarabu kilibaki palepale kwenye ukurasa na Kiswahili kikawa pembeni yake. Hakukiondoa Kiarabu ili Kiswahili kikae mahali pake. Anayejua zaidi anaweza kurudi kwenye asili na kupima. Hatufananishi Kitabu cha Mwenyezi Mungu na katuni, tunajikinga Naye na jambo hilo. Tunachosema ni kwamba desturi ya kuiacha asili ibaki wazi ni desturi ya elimu, na inafaa kuzoewa tangu utotoni hata katika mambo madogo.

Wapo waliokwepa ugomvi huu kwa njia ya ghali kuliko zote. Wengi wenu mmeiona Ar-Risala, filamu ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976 kuhusu mwanzo wa Uislamu, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) haonyeshwi. Akkad hakuitia sauti wala hakutegemea maandishi. Aliipiga mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na waigizaji mbalimbali. Katika ya Kiarabu, Hamza (R.A.) aliigizwa na Abdullah Gaith. Katika ya Kiingereza aliigizwa na Anthony Quinn. Mmoja anamaliza tukio, mwingine anaingia na kulifanya upya kwa lugha yake. Kwa hiyo mwenye kuitazama kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili anaona mdomo na neno vimekubaliana. Lakini ni nani mwenye uwezo wa kupiga kila filamu mara mbili? Sisi wengine tubaki na sauti na maandishi.

Sasa turudi kwenye vitendo. Jioni moja mkubwa wetu alikubali kumtafsiria bibi yake kwa mdomo. Ilikuwa sehemu ya huzuni, mzee mmoja katika katuni ile anamkumbuka mtu aliyekufa, na alizungumza kama dakika nzima. Kijana akasoma Kiingereza chote, akamgeukia bibi, akasema, "Anasikitika." Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, huyo mzee amesema muda wote huo, wewe umenipa neno moja. Mengine umeyaweka wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, na sisi hatukuongeza neno. Lakini kuanzia hapo alianza kusimamisha katuni, kufikiri, na kumwambia bibi yake kwa ukamilifu. Mara nyingine anakwama. Kijapani kina namna ya kutia heshima au upole mwishoni mwa jina la mtu, na Kiingereza mara nyingi kinaiacha tu. Yeye akagundua kwamba Kiswahili kina pa kuiweka: shikamoo, kaka, mwalimu wangu. Yaani pale Kiingereza kilipopoteza, lugha yake iliweza kuokota. Katika mwaka mzima wa insha za shule hatujamwona akikifikiria Kiswahili namna ile.

Tukaichukua kazi hiyo hapa madrasa. Wanafunzi wanne wa darasa la juu walipewa dakika kumi za katuni ya mpira na daftari moja, waandike Kiswahili cha kila neno kwa mistari miwili tu. Waliomba Jumamosi moja, wakamaliza kwa Jumamosi tatu. Walibishana juu ya neno moja mpaka adhana ikawakuta. Walipomaliza, mmoja aliwasomea wadogo kwa sauti, na yule mwenzetu asiyesikia vizuri alipewa daftari asome mwenyewe. Daftari moja lilitosha kwa wote wawili.

Kwa hiyo jibu letu ni hili, wanafunzi wapenzi.

Kwanza, tazama nani mmekaa naye. Akiwepo bibi, babu au mdogo asiyesoma kwa haraka, wekeni ya Kiswahili, hata kama wewe unajua Kijapani chote. Starehe ya kumwacha mkubwa wako nje ya kicheko haina heshima. Akiwepo asiyesikia, maandishi yawepo, au akae mtu wa kumweleza.

Pili, ukiwa peke yako au na wenzako mnaosoma vizuri, chukua yenye maandishi. Utasikia sauti ya wenyewe na utanoa usomaji wako. Na usimcheke anayependa ya DJ.

Tatu, usiseme "fulani alisema hivi" juu ya jambo ulilolipata kwa sauti ya mtu wa kati, mpaka ujue mtu wa kati ni nani. Hilo ni la katuni, la habari za kwenye simu na la mawaidha yanayosambazwa vipandevipande.

Nne, ukipewa kazi ya kumtafsiria mtu, awe bibi yako sebuleni au mgonjwa mbele ya daktari, mpe yote. Usimpe neno moja ukabaki na mengine mfukoni.

Na wazazi, kaeni nao japo dakika kumi. Mtajua wanachotazama, na mtapata nafasi ya kuuliza swali lile la mama: mengine umeyaweka wapi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie kuwa wenye kuzifikisha amana kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq.